KIPINDI CHA DINI: MTOTO ANAYEBAKI NJE NI WA KWETU PIA



Leo hatuandiki kuhusu bei ya chai wala madalali wa maparachichi. Tunaandika juu ya jambo ambalo wanasiasa wengi wanalikimbia kwa sababu linaunguza vidole: dini kwenye shule za serikali. Tunajua kuna watakaosema, "Hili waachieni wachungaji na mashehe." Hapana. Shule ya serikali inajengwa kwa kodi na kwa nguvu za wananchi, na mwalimu wake analipwa na Hazina. Kinachotokea ndani yake ni siasa, tena siasa hasa.

Picha yenyewe wengi tuliosoma huku tunaijua. Siku ya kipindi cha dini ikifika, watoto wanagawanywa. Wamoraviani darasa hili, Walutheri lile, Wakatoliki kule mwisho, Wapentekoste wanajibanza penye nafasi. Mwinjilisti amefika, katekista amefika. Halafu wanabaki watoto watatu au wanne ambao hawana pa kwenda. Mmoja ni Mwislamu, baba yake ana duka stendi. Mwingine kwao hawasali popote. Wanaambiwa, "Nyie kaeni hapo nje msipige kelele." Na Tukuyu mnaijua, mvua haiombi ruhusa. Basi wanasimama barazani, wanawasikia wenzao wakiimba.

Au mbaya zaidi, wanaambiwa waingie tu, "Mungu ni mmoja." Mtoto wa miaka tisa anaingia, anakariri asichofundishwa nyumbani, na jioni anarudi na maswali ambayo mama yake hakuyatafuta.

Swali la tahariri hii ni moja tu: huyo mtoto wa barazani ni wa nani?

Tuanze na sheria, maana hapa watu hupenda kubishana bila kufungua kitabu. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kubadili imani, inasema kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumbagua mtoto kwa sababu hizo hizo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba "huku Rungwe ni kwa Wakristo." Rungwe ni kwa Watanzania. Wengi wao wanasali Jumapili, sawa, lakini jengo la shule halijabatizwa.

Lakini pia tusiwe watu wa kusahau. Shule huku kwetu zililetwa na makanisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa. Mji wenyewe wa Tukuyu Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Misheni zilijenga kanisa, pembeni yake shule, na baadaye zahanati na hospitali. Babu zetu walijifunza a, e, i, o, u kwenye mabenchi ya kanisa. Mpaka leo Dayosisi ya Konde ya KKKT ina makao yake Tukuyu, Igogwe kuna hospitali ya Wakatoliki, na ukipanda Mbeya utakuta chuo kikuu cha Wamoraviani kinachobeba jina la Askofu Teofilo Kisanji. Hakuna mwenye akili timamu atakayebeza kazi hiyo.

Ila upande wa pili wa historia hiyo nao usemwe. Wakati wa Mwingereza, serikali ya kikoloni ilikuwa inatoa ruzuku kwa shule za misheni, na sehemu nyingi za nchi mlango wa kwenda sekondari ulipitia kanisani. Simulizi za wazee wa Kiislamu zimejaa habari za watu waliobadili jina ili wapate dawati. Wengine walikataa kubadili, wakabaki nyuma, na watoto wao wakabaki nyuma. Pengo hilo halikuletwa na uvivu wa mtu. Lililetwa na mpangilio wa shule.

Ndiyo maana mara baada ya Uhuru, kuanzia mwaka 1962, serikali ilianza kuvunja mfumo wa shule zilizogawanywa kwa rangi. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea. Na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikafungua njia ya kutaifisha shule za mashirika ya dini. Aliyesimamia hayo ni Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa. Alichukua hata shule za kanisa lake mwenyewe. Tuna mengi ya kumkosoa Mwalimu, na chama kimoja ni mojawapo, lakini hapa alielewa jambo ambalo viongozi wa leo wanalipapasa: imani yako ni yako, dawati ni la wote.

Kwa nini hilo ni muhimu? Angalia majirani zetu. Kenya makanisa yalibaki kuwa wafadhili wa shule nyingi za umma. Isiolo, kwenye shule ya St Paul's Kiwanjani iliyo chini ya ufadhili wa Kanisa la Methodisti, mabinti wa Kiislamu kuvaa hijabu kuligeuka kesi. Mahakama Kuu ikasema hili mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ikasema lile mwaka 2016, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa rufani. Miaka inakwenda, mabinti wanakua, na wanasheria wanabishana juu ya kitambaa. Sisi huku binti anaingia shule ya serikali na hijabu yake na maisha yanaendelea. Hilo ni tunda la kusema mapema kwamba shule si ya dhehebu.

Tatizo letu sisi liko kwenye kilichofuata. Dini haikuondolewa shuleni, na hatusemi ilipaswa kuondolewa. Iliachiwa kipindi kwenye ratiba, na walimu wake watoke kwenye dini zenyewe. Serikali haimlipi mwinjilisti, haimlipi ustadhi. Ukisoma kwenye karatasi ni haki tupu: kila dini imepewa nafasi sawa.

Sasa shuka Ikuti au panda Isongole uone karatasi inavyogongana na udongo. Makanisa yapo kila kitongoji, watu wa kujitolea wapo. Ustadhi ni mmoja, yuko mjini, ana shughuli zake, na nauli ya bodaboda hakuna wa kumlipa. Kwa hiyo kipindi kinaenda kwa mwenye watu wengi. Serikali imetoa dakika, haikutoa usawa. Halafu inajifuta mikono: "Sisi hatuna dini."

Makamanda, kutokuwa na dini si kufumba macho. Refa hana timu, lakini akifumba macho, timu yenye vifua vipana inashinda kila siku.

Na jambo hili haliishii kwenye nyimbo. Kidato cha nne, Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni masomo ya hiari yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani. Alama yake inakaa kwenye cheti kama ya somo lingine lolote. Kwenye sekondari ya kata yenye mwalimu wa kujitolea wa Biblia na isiyo na wa Kiislamu, mwanafunzi mmoja anaongezewa somo la kufanyia mtihani na mwenzake hapati. Hakuna aliyekaa kikao kupanga kumwonea. Ameonewa na mazoea tu.

Tukiyapuuza haya, tunalipa kwa njia nyingine. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo la dini ya Kiislamu yalitoka mabovu kupita kiasi. Waislamu wakalalamika, wakaambiwa wana makuu, mwishowe Baraza la Mitihani lenyewe likakiri kosa la ukokotoaji na alama zikarekebishwa. Lakini imani iliyopotea hairekebishwi kwa kalamu nyekundu. Oktoba mwaka huo huo, Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya msahafu ukaishia makanisa kuchomwa moto. Aprili 2013 moto ukafika karibu na kwetu: Tunduma, vurugu za nani achinje nyama. Tunduma ni mwendo wa basi wa saa chache kutoka Tukuyu, si nchi ya mbali. Ugomvi wa dini hauanzi na bunduki. Unaanza na mtu mmoja kuhisi kwamba kwenye nyumba ya wote yeye ni mpangaji.

Sasa tujibu hoja mbili ambazo tunazisikia kila tukigusa suala hili.

Hoja ya kwanza inatoka kwa vijana wasomi wa mitandaoni: "Futeni kipindi cha dini kabisa, dini ifundishwe nyumbani." Tunaielewa. Lakini jiulize, ukifuta kipindi, dini itatoka shuleni? Kila aliyesoma kidato cha tano anaijua UKWATA, anaijua CASFETA, anaijua TYCS, anaijua TAMSYA. Wanafunzi wenyewe ndio wanaoomba chumba Ijumaa na Jumapili. Ukifunga mlango wa mbele wataingilia dirishani, na dirishani hakuna mwalimu wa zamu. Afadhali dini iwe na saa yake inayojulikana, mwalimu wake anayejulikana, na mipaka inayojulikana. Tena wazazi wa Rungwe, Wakristo kwa Waislamu, hawajaomba shule isiyotaja Mungu. Wanachoomba ni shule isiyomdharau mtoto wao.

Hoja ya pili ndiyo nzito, maana inatoka kwa watu wetu wenyewe, wengine na kadi yetu mfukoni: "Huku tuko wengi. Wengi wape."

Hapa, makamanda, tusimame kidogo.

"Wengi wape" ndiyo methali tunayotupiwa sisi kila siku. Tukisimama bungeni au kwenye baraza la madiwani: nyie wachache, kaeni kimya, wengi wape. Tukiomba uwanja wa mkutano: wengi wape. Tukidai kwamba haki ya mtu haipigiwi kura, tunachekwa. Tumefanya siasa miaka yote hii tukieleza kwamba wengi wana haki ya kuunda serikali lakini hawana haki ya kumfuta mchache. Sasa tukifika kwenye mlango wa darasa, pale ambapo sisi ndio wengi, tunaigeuza methali hiyo hiyo kuwa fimbo ya kumchapia mtoto wa miaka tisa? Mpinzani anayedai haki za wachache siku ya kampeni na kuzisahau siku ya kipindi cha dini hadai haki. Anasubiri zamu yake tu.

Zaidi ya hapo, kuwa wengi ni suala la mahali uliposimama. Sensa ya nchi hii haijamuuliza mtu dini yake tangu 1967, na ni vizuri, lakini kila mtu anajua kwamba ukiteremka Kilwa au kuvuka kwenda Pemba hesabu inageuka. Na Mnyakyusa hakai nyumbani. Yuko Kilwa ni askari, yuko Mafia ni nesi, yuko Pemba ni fundi. Mtoto wake naye yuko darasani huko, na kipindi cha dini kikifika ni yeye anayesimama barazani. Ungependa mwalimu mkuu wa huko amtendeje? Jibu lako ndilo liwe kanuni ya mwalimu mkuu wa Tukuyu. Hatuna haja ya mwanafalsafa kutufundisha hilo, limo kwenye Injili inayosomwa hapa kila Jumapili.

Na kama mnataka ya wazee, yapo pia. Kabla ya kanisa na msikiti kulikuwa na tambiko la Lwembe pale Lubaga, na wapo ndugu zetu ambao mpaka leo hawaoni aibu kuitaja mizimu ya kwao. Mtoto wao naye ana haki ya kutocheka pamoja na wanaomcheka. Lakini kuna mila kubwa zaidi. Zamani vijana wa rika moja huku walitoka majumbani kwao wakajenga kijiji chao wenyewe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo. Kijiji hakikuwa cha ukoo, kilikuwa cha rika. Mtoto wa huyu na mtoto wa yule walikula pamoja na kusikilizana, na wazee waliiita hali hiyo ukwangala: kufurahiana, kuishi vizuri na wenzako. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Leo kijiji cha rika ni shule. Hakuna mahali pengine Rungwe ambapo mtoto wa mchungaji, mtoto wa shehe, mtoto wa mvuna chai na mtoto wa mganga wanakaa benchi moja mwaka hadi mwaka na kuchangia kifutio. Ukiwagawanya hapo kwa dharau, umewafundisha ubaguzi bila hata kuuandika ubaoni. Na serikali inayojisifia somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili ielewe kwamba mtoto haelewi maadili kwa kunakili. Anaelewa kwa kuona nani anaachwa nje.

Basi tunataka nini? Tusiishie kulalamika, tuweke mezani.

Moja: mzazi aulizwe. Siku ya kuandikisha mtoto, mzazi aandike mtoto wake atahudhuria kipindi cha dini gani, au hatahudhuria. Mwalimu asikisie kwa jina. Kuna akina Yusufu Wakristo na akina Mariamu Waislamu.

Mbili: asiye na kipindi awe na mahali. Darasa, mwalimu wa zamu, kitabu cha kusoma, kazi ya kufanya. Barazani si mahali.

Tatu: sala ya paredi. Kama shule inataka kuanza siku kwa kumtaja Mungu, iwe kimya cha dakika moja ambacho kila mtoto atakijaza kwa maneno ya kwao, au zamu ya kweli kwa imani zote zilizopo. Sala ya dhehebu moja kila asubuhi mbele ya bendera ya Taifa haikubaliki.

Nne: ratiba. Mwanafunzi wa Kiislamu anayekwenda swala ya Ijumaa asiandikwe mtoro. Msabato asichapwe fimbo kwa kukosa masomo ya ziada ya Jumamosi, apangiwe siku nyingine.

Tano: halmashauri za Rungwe na Busokelo zisijifiche nyuma ya neno "kujitolea." Maafisa elimu wajue kila shule ina walimu wangapi wa dini na wa dini gani, na pale wachache walipo kwenye shule tatu za jirani, wapangiwe siku moja na sehemu moja ili ustadhi mmoja aweze kuwafikia wote. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mtu kukaa na kalamu.

Sita: wanasiasa watoke. Ni aibu kuona kiongozi wa serikali anafika kanisani au msikitini na bahasha karibu na uchaguzi, halafu kesho anahutubia wanafunzi juu ya amani. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kusajiliwa kwa misingi ya dini, lakini upinzani nchi hii umepakwa matope ya udini tangu vyama vingi virudi: chama hiki cha Waislamu, chama kile cha kanisa. Tunajua jinsi tope hilo linavyonuka. Kwa hiyo wa kwanza kutolibeba tuwe sisi. Mwanachama wetu asisimame kwenye kikao cha shule kama mjumbe wa dhehebu lake.

Najua utaniuliza, tutayafanya vipi haya bila kushika dola? Kamanda, mkutano wa wazazi hauulizi kadi ya chama. Kamati ya shule ya msingi ina wajumbe wanaotoka kwa wazazi, na bodi ya sekondari nayo ina wazazi. Wewe una mtoto, una mdogo wako, una mpwa. Mkutano ujao nenda, kaa mbele, nyoosha mkono, uliza swali moja la kistaarabu: "Mwalimu Mkuu, kipindi cha dini kikifika, watoto wasio na mwalimu wanakaa wapi?" Usigombe, usihubiri. Subiri jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata uliza tena.

Na kama wewe ndiye wa wengi, Mmoraviani, Mlutheri, Mkatoliki, Mpentekoste, basi swali hilo likitoka kinywani mwako lina uzito mara kumi. Mwislamu akiuliza ataambiwa analeta udini. Wewe hawawezi kukwambia hivyo. Hapo ndipo upinzani wa kweli unapoanza, pale unapomsemea mtu ambaye haki yake haikuongezei wewe kitu.

Nchi hii tunayoitaka, yenye Katiba inayoheshimiwa hata na walio wengi, haitashuka kutoka Dodoma siku tutakayoshinda. Tunaanza kuijenga kwenye shule ya kata yako, kwa kuhakikisha mtoto yule amepata kiti ndani.

Tukutane kwenye mkutano wa wazazi.